Ufa Usiokuwepo kwenye Kioo cha Nyuma

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na stika, na nilikuwa na wiki tatu za likizo. Mtu mwenye vitu hivyo viwili huwa hahitaji nia.

Stika yenyewe ilikuwa plastiki angavu, pana kama sinia, iliyochapwa picha ya ufa: tundu dogo katikati na mistari inayotawanyika pande zote kama miguu ya buibui aliyekanyagwa. Ukiibandika kwenye kioo kizima na kuilainisha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mtu aliyesimama hatua mbili ataapa kwamba kioo kimepigwa jiwe. Shuleni nilibandika nyingine kama hiyo kwenye dirisha la mwalimu wa zamu, na bweni zima likafagia uwanja siku nne. Wenzangu waliniita Waziri, kwa sababu kila nikitangaza mpango, wanaoumia ni wananchi. Mimi nililichukua jina hilo kama sifa, nikaja nalo mpaka nyumbani.

Likizo hiyo nilikuwa nakaa kwa dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa na gari dogo la umeme, alilolinunua likiwa limeshatumika, na tulilibatiza jina la Kimya. Chekechea moja ilikubali kumpa kazi ya kubeba watoto wanne asubuhi na mchana, kwa sharti kwamba gari lipite ukaguzi na cheti kifike shuleni kabla ya Ijumaa saa sita. Tarehe ya ukaguzi aliingoja miezi minne, na ikaangukia Ijumaa hiyohiyo, saa nne asubuhi. Akikosa, kulikuwa na dereva mwingine aliyekwisha kuiomba kazi hiyo, tena mwenye gari la viti saba. Haya yote niliyajua. Nayasema mapema ili msije mkanitafutia kisingizio.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimbandika Kimya ufa kwenye kioo cha nyuma, nikarudi ndani na kukaa dirishani na kikombe cha chai kusubiri ukelele. Mpango ulikuwa rahisi. Dada apige kelele, nitoke, niubandue ufa kwa mbwembwe kama mwanamazingaombwe, tucheke sote, yeye akiwa wa mwisho kucheka.

Dada akatoka na kitambaa cha kufutia vumbi. Akazunguka nyuma ya gari. Akasimama. Kisha, badala ya kupiga kelele, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni, kitambaa magotini, akaangalia chini kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye saruji.

Mtu mwenye akili angetoka wakati huo. Mimi nilijimiminia chai nyingine, nikijiambia ukelele uko njiani.

Kumbe dada si mtu wa kelele, ni mtu wa simu. Nilipopata wazo la kutoka, alikuwa ameshaupiga picha ule ufa, ameshaituma kwa fundi wa vioo, na yuko hewani naye.

"Ndiyo mama, cha nyuma. Chenye zile waya nyembamba za kuondoa ukungu... Kimebaki kimoja tu? Huko kote?... Basi kisafirishwe, mama yangu, kipakiwe kwenye basi la leo leo. Kesho asubuhi nakuletea gari."

Akakata simu, akaniona.

"Waziri, umeliona balaa hili?"

"Nimeliona," nikajibu. Sikudanganya hata silabi.

"Nani kanifanyia hivi lakini? Kesho kutwa ukaguzi!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nikafungua mdomo. Mjomba akatokea.

Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa anaishi chumba cha uani kwa dada. Kwa kuwa alipigwa shoti mara nyingi kuliko mtu yeyote tunayemfahamu, alijihesabu bingwa wa umeme wa kila aina. Hakuwahi kumpanda Kimya bila kuvaa viatu vya mpira. Alikuja na miwani juu ya paji la uso, akaishusha, akauchungulia ufa kwa muda mrefu, kisha akaupitishia ukucha.

"Umeingia ndani," akatangaza. "Nausikia. Una kina kabisa."

Nilimtazama mzee wa watu akipapasa kina cha plastiki, nikauma ulimi mpaka machozi yakanitoka. Dada akayaona.

"Usilie, mdogo wangu," akaniambia, akanishika bega. "Tutapata kioo."

Nataka kusema kwamba hapo nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya, ndiyo. Lakini pia nilijisikia stadi sana.

"Na jiwe mmeliona?" Mjomba akaendelea. "Hakuna jiwe. Hili ni joto la betri. Betri iko chini sakafuni, joto linapanda, likikosa pa kutokea linakimbilia kwenye kioo. Niliwaambia siku ya kwanza gari hili lilipoingia hapa. Nikaonekana mzee wa makelele."

"Lakini mjomba, betri si ina mfumo wa kuipoza?"

"Na mfumo wenyewe anaupoza nani?"

Dada akainama kuchungulia chini ya gari. 

Nikaamua kwamba kukiri ni jambo la kizamani na kwamba suluhisho la kisasa ni kuondoa ushahidi. Nitabandua stika, dada atakuta kioo kizima, atashangaa, fundi ataambiwa asilete, na Mjomba atapata maelezo ya kisayansi ya namna nyufa zinavyojifunga jioni joto likipungua. Niliamini kabisa kwamba angeyapata.

Mchana dada akaenda kwa miguu kuchukua barua chekechea, akihofia kuliendesha gari bovu. Mjomba akajilaza. Nikatoka na vifaa. Stika ilikuwa imeshinda juani na imeng'ang'ania kioo kama kupe. Kucha zilishindwa, kijiko kikashindwa. Nikavuta waya wa umeme kutoka sebuleni, nikachukua mashine ya dada ya kukaushia nywele, nikaipuliza stika kwa hewa ya moto huku nikiivuta pembe moja polepole. Ikaanza kuachia. Dakika arobaini baadaye ilikuwa imetoka yote, na kioo kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu anayeheshimika. Lakini mimi ni mtu wa ubora. Nikataka kuhakikisha kutokea ndani kwamba hakuna alama ya gundi iliyobaki. Nikafungua mlango wa buti, nikausogeza mtungi wa kuzimia moto ambao dada aliununua kwa ajili ya ukaguzi, nikausimamisha wima ukingoni, nikajipenyeza ndani, nikaushusha mlango nusu, nikakikagua kioo dhidi ya mwanga. Safi. Hakuna hata doa. Nikatoka nikipiga mluzi, nikaushika mlango wa buti, na kwa furaha ya mtu aliyeshinda nikaubamiza.

Shingo ya chuma ya mtungi ilikuwa bado imesimama palepale.

Siwezi kusema kioo kilivunjika. Kiliacha tu kuwepo. Sekunde moja kulikuwa na kioo, iliyofuata kulikuwa na mlio wa gunia la mchele likimwagwa juu ya bati, na punje elfu na elfu zikitiririka kwenye buti, kwenye viti, kwenye viatu vyangu, na moja kwenye sikio langu. Nikabaki nimeshika mlango wenye fremu tupu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya wizara yangu, tangazo la uongo lilikuwa limetekelezwa kikamilifu.

Nikawahi kufanya mambo mawili. Nikaurudisha mtungi mahali pake, na nikaificha stika ndani ya soksi. Mjomba akatoka mbio, kiatu kimoja cha mpira mguuni na kingine mkononi.

"Nilisema!" akapaza sauti. "Nilisema au sikusema? Joto hilo! Wewe umeumia?"

"Sikio tu, mjomba."

"Rudi nyuma! Linaweza kuendelea!"

Dada aliporudi, Mjomba alimsimulia jinsi kioo kilivyolipuka chenyewe, na kila alipokirudia kisa, mlipuko ulikuwa mkubwa zaidi. Dada hakukiangalia kioo. Aliniangalia mimi, akaligeuza sikio langu kwenye mwanga, akalisafisha kwa pamba, akanipa soda na kuniambia nikapumzike. Nililala kitandani kama majeruhi wa vita niliyoianzisha mwenyewe, nikinywa soda. Hata utetezi nilishautunga: kama nisingebandika ufa asubuhi, kioo kipya kisingeagizwa asubuhi, na nilipokivunja cha zamani mchana tungekuwa tumechelewa basi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwokoa dada kutoka kwangu. Niliurudia utetezi huo mara kadhaa. Kila mara ulikuwa na harufu.

Alhamisi asubuhi tukaenda kwa fundi, karatasi ya nailoni imegandishwa kwa utepe nyuma ya gari na kupiga makofi njia nzima. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye glavu nene na penseli iliyochomekwa kwenye kilemba. Mji mzima ulimwita Mama Vioo. Kioo chetu kilikuwa kimefika, kimesimamishwa ukutani ndani ya boksi lenye majani makavu.

Dada akaenda kutoa nakala za karatasi za ukaguzi. Mimi nikabaki, maana Mama Vioo alihitaji mikono miwili ya ziada. Kwanza akazima gari, akachomoa waya wa betri ndogo iliyo mbele, kisha akafyonza punje zote kwa mashine, akipitisha mdomo wa mashine hata kwenye reli za viti. Akakata gundi ya zamani kuzunguka fremu kwa kisu kirefu, taratibu, bila kugusa rangi. Kisha akasimama.

"Kijana. Kioo hiki kilipata ufa saa ngapi?"

"Asubuhi, mama."

"Kikamwagika saa ngapi?"

"Kwenye saa nane hivi."

"Kikakaa na ufa mpaka saa nane."

"Kilivumilia, mama."

"Kilivumilia," akarudia, kama anayeonja chumvi. "Sikiliza. Cha mbele kina utando wa plastiki katikati, kikipasuka kinashikana. Cha nyuma hakina. Cha nyuma hakijui ufa. Kipo au hakipo. Dada yako aliponitumia picha jana nikasema labda simu yake ina kasoro." Akaokota punje moja kwenye zulia, akaitazama, akanitazama. "Wewe unasoma bweni?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Ninao watoto wawili wa bweni."

Nikamwambia yote. Stika, soksi, mashine ya nywele, mtungi. Hakucheka, na hilo liliniumiza kitaaluma.

"Utamwambia dada yako leo," akasema. "Mimi nauza vioo, siuzi habari. Haya, shika huku."

Akachora mstari mnene wa gundi nyeusi kuzunguka fremu, mkono wake haukutetereka hata kwenye kona. Tukabandika vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo, kimoja changu kimoja chake, tukakiinua.

"Ukikiachia nitakuachia na wewe," akaniambia. Tukakishusha polepole mpaka kikakaa. Akaunganisha zile waya, akakifunga kwa utepe, na dada aliporudi akampa masharti: madirisha yaachwe wazi upana wa kidole, na mpaka kesho asubuhi mtu asibamize mlango wowote, maana upepo wa ndani unaweza kukisukuma kioo kabla gundi haijakauka.

"Hasa wewe," akaniambia. Dada alidhani ni utani.

Sasa, kuhusu kumwambia dada leo. Nilipanga kumwambia njiani, lakini alikuwa anaendesha, na usalama kwanza. Nilipanga kumwambia wakati wa chakula, lakini Mjomba alikuwa anasimulia mlipuko. Nilipanga kumwambia alipokuwa anapiga pasi nguo za kuvaa kwenye ukaguzi, ila alikuwa anaimba, na nani hukatiza mtu anayeimba? Nikalala nikiwa nimeshamwambia mara nane, zote kichwani.

Ijumaa Mjomba akasema lazima aje, kama mtaalamu. Akakaa mbele, viatu vya mpira miguuni. Mimi nyuma. Uwanja wa ukaguzi ulikuwa na foleni ya magari kumi na mawili, na mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye ubao wa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akawasha taa, akazima. Akajaribu breki, akavuta mikanda mmoja mmoja, akausoma mtungi wa kuzimia moto tarehe yake na kuutikisia kichwa kwa heshima. Mimi nikautazama pembeni. Kila kitu kikapata alama ya tiki. Akafika nyuma.

"Kioo kipya hiki. Sababu?"

"Kilipata ufa," dada akasema, "halafu..."

"Joto la betri," Mjomba akadakia. "Mimi ni mtu wa umeme, nimeshuhudia kwa macho yangu. Asubuhi ufa, mchana mlipuko. Hakuna jiwe, hakuna mtu aliyegusa."

Kalamu ikasimama.

"Hakuna aliyegusa?"

"Hakuna!"

Mkaguzi akakitazama kioo, akainama kutazama chini ya gari, akainuka. "Dada, mimi nimekagua magari ya mafuta miaka ishirini na moja. Haya ya umeme bado najifunza. Lakini kioo cha nyuma chenye ufa unaokaa tangu asubuhi mpaka mchana bila kumwagika sijawahi kukisikia. Kama ni betri inafanya hivyo, siwezi kuweka watoto juu yake. Itabidi liende kwenye kipimo cha betri."

"Leo?"

"Nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu."

"Afande, nina mpaka saa sita leo."

"Naelewa, dada. Ni watoto lakini."

Dada hakubishana. Alikunja ile barua ya chekechea mara mbili, akaitia mkobani, na uso wake ukawa uleule wa kwenye ngazi. Safari hii sikuwa na dirisha la kujificha nyuma yake, wala chai.

"Mheshimiwa mkaguzi," nikasema, nikisimama wima kama tunavyofanya mstarini shuleni, "naomba kutoa taarifa kuhusu..."

"Sema kama mtu."

"Ufa ulikuwa stika. Niliubandika mimi."

Madereva wawili waliokuwa wanafuta magari yao wakaacha kufuta. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. Nikasema kuhusu jua, kijiko, mashine ya nywele, na mtungi niliousahau ukingoni. Nilipofika pale pa kubamiza mlango huku nikipiga mluzi, mmoja wa madereva alikaa chini kwenye ndoo.

"Haiwezekani," Mjomba akasema. "Niliupima kina mwenyewe!"

"Ulipima plastiki, mjomba. Samahani."

Mzee akaangalia viatu vyake. Katika yote niliyofanya wiki hiyo, hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

"Anakutetea tu huyu," mkaguzi akamwambia dada. "Vijana wanapenda dada zao."

 Dada alikuwa ananitazama, na nilitamani apige ule ukelele niliousubiri tangu Jumatano.

Mkaguzi akanizunguka. "Watu wananidanganya hapa kila siku," akasema. "Lakini mtu akidanganya hujipamba. Sijaona anayedanganya ili aonekane hivi." Akafikiri. "Hapana. Huu ni ujinga ambao mtu hawezi kuutunga."

Akaandika, akanisomea kwa sauti ili kila mtu asikie: "Kioo kilivunjwa na mdogo wa mmiliki kwa mtungi wa kuzimia moto, baada ya kubandua ufa wa bandia alioubandika mwenyewe. Kweli?"

"Kweli."

"Tia saini."

Nikatia saini. Akagonga muhuri. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Tulipotoka getini dada akaegesha pembeni. Hakugeuka nyuma.

"Jumatano, pale kwenye ngazi. Unajua nilikuwa nafanya nini?"

"Hapana, dada."

"Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mwalimu mkuu kwamba kazi basi. Nilishafika kwenye 'nashukuru kwa kuniamini'." Akanitazama kwenye kioo kidogo cha juu. "Ulikuwa unaniona?"

"Ndiyo."

"Kutokea wapi?"

"Dirishani."

"Unafanya nini?"

Ningeweza kusema chochote. "Nakunywa chai," nikasema.

"Chai!" Mjomba akafoka, akipata tena sauti yake. "Mtoto anakunywa chai!"

Dada akaondoa gari. Chekechea tulifika saa tano na nusu. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwangalifu, wa aina inayosoma fomu mpaka mstari wa chini kabisa. Alipofika kwenye mstari wangu alivua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Mdogo wa mmiliki ndiye huyu?"

"Ndiye," dada akasema.

"Anapanda gari hili mara kwa mara?"

Dada akanitazama, na nilimwona akichagua.

"Hapandi tena," akasema.

Mwalimu mkuu akaliongeza hilo kwenye mkataba kwa mkono, kipengele cha tisa, na wote wawili wakatia saini. Sijui kama kuna mwanafunzi mwingine bweni zima aliyepigwa marufuku kwa maandishi na chekechea. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita sita, kwenye jua la saa sita.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimetumwa dukani waliponipita. Watoto wanne, wamefungwa mikanda, wanaimba kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Mmoja alijipinda mpaka akanitazama kupitia kioo cha nyuma, akanitolea ulimi. Dada akapunguza mwendo, akashusha dirisha.

"Mikate miwili," akasema, "na sabuni. Na ukifika, umchemshie mjomba maji ya kuoga."

"Sawa, dada. Wanasemaje hao?"

"Wananiuliza wewe ni nani."

"Umewaambia nini?"

Akapandisha dirisha, akaondoka. Kwa jinsi wote wanne walivyogeuka kunitazama na kucheka, nadhani aliwaambia.